Babu Alihitajiwa na Nani? Kutafuta Maisha ya Wazee Wetu Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mtu wa Mbinga akiulizwa jina la babu yake hulitaja pasipo kusita, pamoja na ukoo wake na kilima alichozaliwa. Lakini akiulizwa babu huyo alikuwa wapi mwaka 1930, alimtumikia nani, alioa kwa mahari ya fedha gani, na kwa sababu ipi alihama kutoka bonde hili kwenda lile, aghalabu hunyamaza, au hujibu kwa maneno mawili matatu aliyoyasikia msibani, na maneno hayo yakisha habari huwa imekoma. Ukimya huo hautokani na ufupi wa maisha yenyewe. Kizazi kilichozaliwa karibu na mwaka 1900 katika milima ya Umatengo na katika mwambao wa Ziwa Nyasa kilikuta hofu ya mashambulio ya Wangoni ingali hai, kikaona bendera ya Wajerumani ikipanda na kushuka, kikalipa kodi kwa rupia na kisha kwa shilingi, kikabatizwa, kikaenda kwenye mashamba ya mkonge na migodi ya dhahabu, kikabeba mizigo katika vita ambavyo havikuwa vyake, na baadhi yao wakajaliwa umri wa kusikia Uhuru ukitangazwa mwaka 1961. Maisha ya namna hiyo hayawezi kukosa athari. Athari zipo, ila zimetawanyika huku na huko, nyingine Kigonsera, nyingine Dar es Salaam, nyingine ng'ambo ya bahari.

Anayetaka kuzikusanya hana budi kutambua kwanza kwamba kalamu haikuwa mkononi mwa babu. Ilikuwa mkononi mwa padre, mwa karani wa kodi, mwa mwajiri na mwa ofisa wa jeshi, na kila mmoja wa hao aliandika kile tu alichokihitaji kwa shughuli yake: padre aliitaka roho, karani aliitaka fedha, mwajiri aliitaka nguvu ya mikono, na jeshi lilimtaka mtu mzima mwenye miguu ya kutembea masafa. Kwa hiyo mjukuu aupitie umri wa babu yake mwaka baada ya mwaka huku akiuliza swali hili: wakati huo nani alimhitaji? Palipokuwa na mwenye kumhitaji, ndipo palipo na karatasi. Na pale asipohitajiwa na yeyote mwenye kalamu, habari zake zimo vinywani mwa watu, na vinywa hivyo vinafumbwa mwaka hata mwaka.

Ndiyo maana vinywa vitangulie. Hati iliyolala kabatini itangoja. Bibi mwenye umri wa miaka tisini hangoji. Katika desturi ya Wamatengo palikuwa na sengu, baraza la jamaa wa ukoo mmoja waliokula pamoja kwa mzee wao na kuzungumza habari za mashamba, za ndoa na za mwenendo wa vijana, na humo mtoto aliisikia nasaba yake bila ya kuketishwa na kufundishwa kwa makusudi. Sengu imedhoofika mahali pengi, basi mjukuu wa leo inampasa aitafute kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akianza na shangazi za baba yake na wajomba wa mama yake, ambao aghalabu wanajua mengi kuliko watoto wa mzee mwenyewe, kwa kuwa baba huwaficha wanawe mambo asiyomficha dada yake. Aende na salamu kabla ya kalamu. Akishatoa shikamoo na kuketi, akapokea alichokaribishwa na kusikiliza kwanza habari za mgongo unaouma na za mvua zilizochelewa, ndipo aulize, na asiulize miaka. Aulize nani alipika siku ya arusi, kuni zilitoka upande gani, nani aliishi ng'ambo ya kijito, nani alimbeba mama yangu mgongoni alipokuwa mchanga, na babu aliporudi kutoka safarini alirudi na nini. Kwa maswali ya namna hii mzee hufunguka, kwa sababu kila moja linagusa jambo aliloliona.

Watani nao wasisahauliwe. Katika nchi ya Ruvuma mtani ndiye aliyeruhusiwa na desturi kuyasema hadharani yale ambayo jamaa wa marehemu huyameza, na msibani huweza kuiga mwendo wake na maneno yake mbele ya waombolezaji wote. Hivyo hasira za babu, ubahili wake au ukarimu wake, namna alivyocheka na namna alivyokataa kushindwa, huenda vimehifadhiwa vizuri zaidi katika nyumba ya watani kuliko katika nyumba yake mwenyewe, ambamo heshima imekwisha kumfanya mtu asiye na dosari na, kwa hiyo, asiye na sura.

Baada ya kukusanya simulizi huja kazi ya kuzipa tarehe, na hapa nchi yetu imejaliwa matukio ambayo yanajulikana mwaka wake bila shaka. Mzee husema fulani alizaliwa wakati wa Majimaji, nasi twajua kuwa vita vile vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Husema fulani alikufa kwa mafua makubwa, na mafua hayo yaliikumba dunia nzima mwaka 1918. Husema mahari ililipwa kwa rupia, basi ndoa ile yaelekea ilifungwa kabla shilingi haijashika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Husema ilikuwa wakati wa nzige, na nzige waliivamia Tanganyika kwa makundi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na watu wa ziwani, ambao wengi wao wana jamaa upande wa pili, huenda wakaikumbuka meli ya Vipya, iliyozama Julai 1946 na kuwaangamiza watu 145.

Lakini hakuna tukio linalofaa kwa kazi hii kama lile la Liuli, mwambaoni mwa ziwa. Wajerumani walipaita mahali pale Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lililowakumbusha sanamu ya kale ya Misri, na Agosti 1914 meli yao iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo. Ghafla ikatokea Gwendolen, meli ya Waingereza kutoka upande wa Nyasaland, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, alipanda mashua ndogo akaenda kumwuliza Rhoades, nahodha wa Kiingereza aliyekuwa rafiki yake, sababu ya tendo lile, naye akachukuliwa mateka. Wanahistoria wengi hulihesabu tukio hilo kuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini ya vita vile vikuu. Kwa mtafutaji wa nasaba, thamani yake ni nyingine: mtu aliyeambiwa na mama yake kwamba alikuwa angali tumboni siku mzinga ulipolia Liuli ana tarehe ya kuzaliwa iliyo karibu na kweli kuliko nyingi zilizoandikwa katika vitambulisho. Ila mwulizaji makini ataongeza swali moja, kwa kuwa Waingereza walirudi pale pale Mei 1915, safari hii wakiwa na askari walioshuka nchi kavu. Aulize: siku ile askari walishuka au hawakushuka? Jibu lake huweza kuondoa shaka ya miezi tisa.

Tukitoka kwa wazee twaingia kwa mapadre, na hapa ndipo mtu wa kawaida alipoandikwa kwa jina lake mara ya kwanza. Milimani walikuwa Wabenediktini wa Ujerumani, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka uliofuata, kisha wakaenea hadi Litembo na vituo vingine, wakateremka na ziwani pia. Mwambaoni walitangulia Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ambao tangu mwaka 1885 makao yao yalikuwa kisiwani Likoma, na ambao stima zao, kwanza Charles Janson na kisha, kuanzia mwaka 1901, Chauncy Maples, zilipita kijiji hadi kijiji zikiwashusha mapadre na walimu. Maarufu kati yao ni William Percival Johnson, aliyelizunguka ziwa hilo kwa zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 1928, na kaburi lake liko Liuli. Kwa hiyo mjukuu ajue kwanza dhehebu la babu, na asitosheke na dhehebu la familia ya leo, maana ndoa nyingi zimewahamisha watu kutoka altare moja hadi nyingine.

Tuufungue ukurasa mmoja wa daftari la ubatizo la parokia kongwe ya Kikatoliki, ili msomaji ajue atakachokikuta. Vichwa vya safu vimeandikwa Kilatini, na mwandiko wa padre wa zamani ni wa kulala, wenye wino uliogeuka rangi ya kutu. Kwanza kuna namba, na namba hiyo inastahili kuandikwa mahali salama, kwani kwayo mtu hupatikana hata jina lake likiwa limefanana na la wengine kumi. Hufuata tarehe ya ubatizo, jina jipya, jina la baba, jina la mama, kijiji, msimamizi na padre aliyebatiza. Kama aliyebatizwa alikuwa mtu mzima, umri wake ni wa makisio, na makisio ya padre mgeni aliyemtazama kijana wa Kimatengo usoni huweza kukosea kwa miaka mitano au zaidi. Msimamizi naye asipitwe haraka: mara nyingi ni katekista, au jamaa aliyetangulia kuamini, au mtu wa ukoo mwingine ambaye urafiki wake na nyumba ya babu hakuna tena aukumbukaye, na jina lake likifuatwa katika kurasa nyingine hufunua mtandao mzima wa watu waliosaidiana.

Kisha kuna pambizo. Tangu mwanzo wa karne ya 20 sheria ya Kanisa Katoliki imeamuru kwamba mtu akifunga ndoa popote pale, habari ya ndoa ipelekwe parokia aliyobatizwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Msomaji atafakari maana ya sheria hiyo kwa nchi ambayo vijana wake walisafiri sana. Babu aliyebatizwa Kigonsera, akaenda Tanga kukata mkonge, akaoa huko mke ambaye nyumbani hakutajwa kamwe, anaweza kuwa ameacha ushahidi wa ndoa hiyo katika mstari mmoja mwembamba ulioandikwa pembezoni mwa daftari la kijijini kwake. Mimi nauhesabu mstari huo kuwa hazina kubwa kuliko kitabu kizima cha mtawala fulani juu ya desturi za makabila.

Majina yenyewe yana habari zake. Wabenediktini waliwapa waumini wao majina ya watakatifu wa nchi yao na wa shirika lao, na ndiyo sababu hadi leo Mbinga ina akina Otmar, Meinrad, Kasian, Walburga, Lioba na Hildegard, ilhali ziwani, upande wa Waanglikana, majina hayo ni haba. Jina la namna hiyo kwa mtu aliyekulia Tanga au Dar es Salaam laweza kuwa fununu ya kwanza kwamba asili yake ni Ruvuma. Mtafutaji awe na hadhari ya tahajia: padre Mjerumani alisikia kwa sikio la kwao, sauti ya y akaiandika kwa j, na jina moja la ukoo likapata sura tatu katika vitabu vitatu. Afahamu pia kwamba Peramiho ilichomwa moto wakati wa Majimaji, na kwamba baada ya Waingereza kuitwaa Songea mwaka 1916 mapadre Wajerumani waliondolewa nchini. Asishangae basi mfululizo wa daftari ukikatika katika miaka hiyo, wala asidhani kwamba ukoo wake uliiacha dini.

Kwa upande wa serikali, kosa la kwanza la wageni wa nyaraka ni la jiografia. Mtu akifika Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, akaomba majalada ya Mbinga ya miaka ya 1920, huenda akaondoka mikono mitupu akiamini kwamba nchi yake haikuandikwa. Zama hizo Mbinga haikuwa wilaya. Ilikuwa upande mmoja wa wilaya ya Songea, mkoa wa Ruvuma ulikuja baada ya Uhuru, na wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, ilikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ombi liandikwe kwa jina la Songea, na likigusa miaka ya Wajerumani mtafutaji ajiandae kukutana na Kijerumani kilichoandikwa kwa hati ya kale ambayo hata Wajerumani wa leo huisoma kwa taabu. Atakutana na kitabu cha wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba za machifu, sheria za mirathi na mipaka. Lakini humo wamo wakubwa. Mtu wa kawaida huingia katika majalada kwa mlango wa shauri: alidaiwa mahari, aligombea shamba, alilalamikia jumbe. Mwenye babu mgomvi ana bahati.

Risiti za kodi zitafutwe nyumbani kabla ya kutafutwa ofisini. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaendelea na ya kwao, na mtu aliyekutwa bila risiti alikuwa hatarini kukamatwa. Kwa hiyo karatasi hiyo ilitunzwa kwa uangalifu ambao hata cheti cha ndoa hakikuupata. Sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha bibi, lenye risiti, vyeti, na labda kitabu cha uanachama wa ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanzishwa mwaka 1936, lina haki ya kufunguliwa kwa heshima, mbele ya watu wa nyumba, na kila karatasi ipigwe picha pande zote mbili kabla ya kurudishwa mahali pake.

Kazi ya ujira ndiyo iliyowatawanya wazee wetu kuliko jambo jingine lolote. Kahawa ilikuwa bado haijaenea Umatengo kabla ya miaka ya 1920 na 1930, kodi ilidai fedha, na fedha ilikuwa mbali. Wakaenda manamba. Wengine walikwenda kwa miguu na kwa hiari. Wengine walichukuliwa na mawakala, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kipande cha mkonge kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi iliyotimizwa. Mshahara ulilipwa kadi ilipojaa, na siku ambayo mtu aliugua au alishindwa kumaliza sehemu yake haikuhesabiwa. Mjukuu akibahatika kukiona kipande cha babu, azitazame tarehe zake kwa makini: kama nafasi 30 zilijazwa kwa siku 35, babu alikuwa na afya, kama zilichukua siku 50, basi mwezi ule ulikuwa na homa, au msiba, au uchovu usiosemeka, na jambo hilo hakuna mtu mwingine duniani atakayemwambia.

Watu wa ziwani walikuwa na njia nyingine. Walivuka kwenda Nyasaland wakaandikishwa na Wenela, ofisi iliyowaajiri watu kwa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, wakashuka chini ya ardhi ya Johannesburg kwa muda wa mkataba, na wengine wakarudi na mabati, cherehani na maneno mageni, wengine hawakurudi. Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika iliikomesha biashara hiyo. Karatasi za Wenela na za ofisi iliyoirithi, TEBA, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, na familia ambayo hadi leo haijui mtu wake aliishia wapi yafaa iandike huko, ikitaja jina, jina la baba, chifu na kijiji, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoulizwa na karani wa kuandikisha.

Juu ya vita nitasema kwa ufupi, maana daftari zenyewe ni fupi kwa watu wetu. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, wakafa, wengi wao wametajwa kwa majina na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na orodha hiyo husomwa kwa intaneti bila malipo. Wapagazi wa vita vya kwanza hawakupata hadhi hiyo. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Kama simulizi ya nyumbani inasema kwamba ndugu wa babu alibeba mzigo wa Wajerumani au wa Waingereza asirudi, simulizi hiyo ndiyo hati, na iandikwe hivyo, pamoja na jina la aliyeisimulia na siku aliyoisimulia.

Kuna mlango ambao mtafutaji ataufikia akiwa tayari au asipokuwa tayari. Katika karne ya 19 Wangoni waliwateka watu wengi wa nchi hizi, wakawaingiza katika nyumba zao kama masutu, yaani mateka, na wako waliochukua majina ya koo za waliowateka; ziwani nako misafara ya watumwa ilivuka kuelekea pwani. Wamatengo walipanda juu milimani na kujificha mapangoni kwa sababu hiyo. Matokeo yake ni kwamba jina la ukoo halithibitishi damu kila mara, na mzee anayesita anapofika kwa baba wa babu yake huenda hajasahau. Anaificha aibu ambayo haikuwa yake wala ya mtu yeyote wa nyumba ile. Hapo mjukuu asishindane naye. Akae kimya, abadili mazungumzo, arudi siku nyingine, na kama mzee atasema faraghani, amwulize kama ameridhia jambo lile liandikwe. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akalia katika lugha asiyoielewa, kisha akaishi, akalima, akazaa na kuacha wajukuu, ni mzee wa kujivunia kuliko mshindi yeyote wa vita. Lakini imani hiyo ni yangu, na siri ni ya mwenyewe.

Na bibi je? Kodi ilidaiwa kwa jina la mume, mkonge na dhahabu vilimchukua mwanamume, ushirika ulimwandika mwenye mibuni. Katika majalada yote niliyoyataja, padre pekee ndiye aliyemhitaji bibi kwa jina lake. Basi aanze kutafutwa katika daftari la ubatizo, si kwenye mstari wake tu, bali katika safu ya mama na ya msimamizi, maana mwanamke aliyesimamia ubatizo wa watoto wengi alikuwa mtu wa kuaminiwa na majirani, na hilo ni jambo kubwa kulijua. Akitoka hapo mjukuu aende shambani. Umatengo umejulikana kwa ngolo, mashimo yanayopangwa mteremkoni mithili ya sega la nyuki, ambayo huyashika maji ya mvua yasiuchukue udongo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake ndio wanaochimba, na kuufukia udongo juu ya nyasi, na kupanda maharagwe juu ya matuta. Kilima chenye ngolo za zamani ni kazi ya mikono ya wanawake walioitwa mama na bibi, msimu baada ya msimu, waume zao wakiwa Tanga. Tena ardhi hugawiwa kwa ntambo, mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, na mzee anayejua kuonyesha kwa fimbo shamba gani alipewa nani alipoolewa, lipi liligawanywa baada ya msiba gani, na lipi lilitolewa kwa mgeni, ataweza kusoma kilimani nasaba ambayo haimo kitabuni. Matembezi hayo yafanywe mapema, kabla mashamba hayajauzwa na mipaka kusahaulika.

Kazi hii ina watangulizi wa kuheshimiwa. Yohanna Abdallah, padre Myao wa Unangu, mashariki ya ziwa hili hili, alikusanya habari za wazee wake kwa lugha yao, na kitabu chake juu ya Wayao kikachapishwa Zomba mwaka 1919. Shaaban Robert aliuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa nasaba duni, kwa adabu ambayo wengine waliwawekea masultani. Na katika Songea ya zama zetu, wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wameendelea kuuliza mahali lilipo fuvu la babu yao, hata Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akafika katika Makumbusho ya Majimaji na kuomba msamaha mbele yao. Swali la wajukuu limevuka bahari na kumleta mkuu wa nchi hadi Ruvuma.

Lakini si haki kwamba kila mjukuu avuke bahari. Karatasi za misheni ya UMCA ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Nyingi za Wabenediktini ziko katika abasia yao ya Sankt Ottilien, Bavaria. Mtu wa Liuli hana viza wala nauli ya kwenda kusoma habari za kijiji chake, na taasisi hizo, ambazo nyingine hujibu barua kwa ukarimu, zingetenda jambo la insafu kama zingeleta nakala Songea, ambako mtu hufika kwa basi na kurudi. Nasi tusingoje wageni katika lililo mikononi mwetu. Daftari za parokia zetu zinaliwa na mchwa na unyevu wa milimani. Paroko mwenye ridhaa, simu yenye kamera nzuri, meza iliyo karibu na dirisha na vijana wawili wenye mikono safi wanatosha kupiga picha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za watu walio hai zifungiwe, za marehemu zifunguliwe kwa jamaa zao, na nakala ziwekwe parokiani, jimboni Mbinga na katika Makumbusho ya Majimaji.